Kukosoa si Kukomoa: Ndimi za Wahakiki katika Kazi za Kujitolea Mtandaoni

Mwanafunzi yeyote wa mofolojia ya Kiswahili anaikumbuka kauli ya kutendua. Kufunga hutenduliwa kwa kufungua, kuziba kwa kuzibua, kupanga kwa kupangua. Kitenzi kosoa kimo katika ukoo huohuo: msingi wake ni kosa, na kiambishi kilichoongezwa hulitengua kosa hilo. Anayekosoa, kwa mantiki ya lugha yenyewe, ni yule anayeliondoa kosa mahali lilipokuwa. Si mtu wa kulishangilia, wala wa kumwandama aliyelitenda. Kwa shughuli hizo Kiswahili kina maneno mengine, tena tele: kubeza, kukejeli, kusimanga, kusuta, na lile linalokaribiana mno na kosoa kwa sauti ilhali maana zake zimetengana kama mbingu na ardhi, yaani komoa.

Tofauti hii ya msamiati imepata uzito mpya tangu sehemu kubwa ya maarifa ya dunia ihamie katika mtandao wa intaneti na kuangukia mikononi mwa watu wasiolipwa. Kamusi elezo ya Wikipedia, iliyoanzishwa mwaka 2001, huandikwa na kuhaririwa na watu wa kujitolea. Mfumo wa Linux ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, na leo ndio unaoendesha seva nyingi za dunia pamoja na simu za Android zilizojaa mifukoni mwa Wakenya. Wengi wanaoijenga kunga yake siku hizi wameajiriwa na makampuni makubwa, lakini umezungukwa na programu ndogondogo zisizohesabika ambazo hutunzwa na watu usiku, baada ya kazi zao za mshahara, kwa mapenzi tu. Mfanyakazi wa kuajiriwa akisimangwa na mkubwa wake huuma meno akingojea mwisho wa mwezi. Mtu wa kujitolea hana mwisho wa mwezi. Akivunjika moyo leo, kesho haonekani, na aghalabu haagi.

Kwa sababu hiyo suala la uhakiki unaojenga na uhakiki unaobomoa si suala la adabu pekee katika jumuiya hizi. Ni suala la kama kazi itaendelea kuwapo. Hata hivyo, wengi wanaolizungumzia hulichukulia kijuujuu. Hudhani kwamba uhakiki unaojenga ni ule wa maneno laini, na unaobomoa ni ule wa maneno makali. Wanaoshikilia rai hiyo hupendekeza tiba nyepesi: sifu kwanza, kosoa katikati, sifu tena mwishoni. Waama, mtu anaweza kubomolewa kwa maneno yasiyo na tusi hata moja, na yapo masahibu ya karibuni yanayolithibitisha hilo.

Mwaka 2022 msimamizi wa XZ Utils, programu ya kubana data iliyomo katika matoleo mengi ya Linux, alianza kupokea barua pepe za lawama kutoka kwa watu asiowajua. Hazikuwa na matusi. Zilisikitika tu kwamba kazi inakwenda polepole, kwamba marekebisho yaliyoletwa yamekaa muda mrefu bila kupokewa, kwamba msimamizi ameishiwa na hamu na hakutakuwa na maendeleo hadi apatikane mwingine. Bwana huyo alikuwa akiitunza programu hiyo karibu peke yake. Alijibu kwamba hamu anayo bado, ila uwezo wake umepunguzwa na matatizo ya muda mrefu ya afya ya akili, akawakumbusha walalamishi kuwa hiyo ni kazi isiyo na ujira. Jibu kama hilo lingemnyamazisha mtu yeyote mwenye haya. Halikuwanyamazisha. Mmoja wao alimpa pole kwa ugonjwa wake, kisha akaendelea palepale kudai kwamba watumiaji wanahitaji zaidi.

Pembeni alikuwapo msaidizi mpya, mchapakazi na mpole, aliyejiita Jia Tan. Baada ya muda naye akawa msimamizi mwenza, akakabidhiwa mamlaka ya kutoa matoleo mapya. Mnamo Februari na Machi mwaka 2024 yalitolewa matoleo mawili yaliyofichwa ndani yake mlango wa siri, ambao ungemwezesha aliyeutengeneza kuingia katika seva za watu bila idhini yao. Wale waliolalamika mwaka 2022 hawakuonekana tena. Wachunguzi wengi wa usalama wa tarakilishi wanaamini kuwa lawama zao zilikuwa sehemu ya njama: kumchosha mwenye kazi hadi aifurahie bega lolote la kuegemea. Kwa maneno mengine, walijua jambo ambalo jumuiya nyingi za kujitolea hazijalijua bado. Walijua kwamba lawama isiyo na msaada ni silaha, na kwamba ikitumiwa kwa subira humtoa mtu katika nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Kilichoiokoa dunia katika kisa hicho nacho kilikuwa ukosoaji. Andres Freund, mhandisi wa programu katika kampuni ya Microsoft, aligundua kuwa kuingia katika mfumo aliokuwa akiujaribu kunachukua nusu sekunde zaidi ya kawaida. Wengine wangeguna na kuendelea na shughuli zao. Yeye alipima, akafuatilia, akafika kwenye XZ. Aliwaarifu kwanza faraghani wahusika wa usalama, kisha tarehe 29 Machi 2024 akaandika taarifa ya wazi iliyoeleza alichokiona, mahali kilipo, na jinsi mwingine anavyoweza kukihakikisha. Aliongeza, bila kuona aibu, kwamba yeye si mtafiti wa usalama, na kwa hiyo yapo mambo asiyoyafahamu. Katika taarifa hiyo hamna bembelezo wala sifa za kufungulia mlango. Ni nyaraka kavu. Lakini kila aliyeisoma alijua la kufanya kabla ya jua kuchwa.

Hapo ndipo ulipo mpaka wa kweli. Swali la kumuuliza mhakiki si iwapo amesema kwa upole au kwa ukali, bali iwapo msomaji wa maneno yake ameachiwa kitu cha kushika. Wanaolalamikia mwendo wa kazi ya mwenzao bila kushika hata ncha ya jembe wameiongeza mzigo kazi hiyo. Anayeonyesha mahali, sababu na dalili ameupunguza mzigo huo, hata akiwa na ulimi mzito.

Jambo hili halihitaji kusafirishwa kutoka Ulaya ili lieleweke. Katika makundi ya wapenzi wa ushairi yaliyojaa katika mitandao ya kijamii, mshairi mchanga huleta tungo yake ya kwanza akitarajia kuongozwa. Chukulia kwamba mshororo wake mmoja una kipande kisemacho: lugha yetu ya Kiswahili. Mhakiki wa kwanza humwambia kwamba hilo si shairi, akasome arudhi kwanza ndipo arudi. Wa pili humwandikia hongera na kumwita malenga. Wa tatu humwambia kwamba kipande hicho kina mizani tisa ilhali vipande vyake vingine vyote vina nane, na kwamba akiondoa kiunganishi ya atabaki na lugha yetu Kiswahili, mizani nane kamili. Wa kwanza na wa pili wanaonekana mahasimu, mmoja kauma na mwingine kapuliza. Kwa hakika ni ndugu wa tumbo moja, kwa kuwa wote wawili hawakuhesabu. Aliyehesabu ni yule wa tatu, na huenda ilimchukua dakika moja.

Huyo wa pili, msifaji, amesamehewa kwa muda mrefu mno. Wahenga walimfahamu: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Walimfahamu pia ndugu yake anyamazaye: mchelea mwana kulia, hulia yeye. Ushahidi wa madhara yao unapatikana katika Wikipedia ya Kiskoti, lugha ya Uskoti iliyo jirani mno na Kiingereza. Mwaka 2013 kijana mmoja wa Marekani, aliyekuwa na umri wa miaka 12 na asiyeijua lugha hiyo, alianza kuandika makala humo. Alichukua sentensi za Kiingereza akazivisha tahajia ya Kiskoti. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na bidii isiyo na mwalimu. Bidii hiyo ilimpandisha hadi akawa mmoja wa wakabidhi wa Wikipedia hiyo, na kufikia mwaka 2020 alikuwa ameandika makala zaidi ya 20,000, yaani karibu thuluthi moja ya makala yote yaliyokuwamo. Kwa miaka saba wasomi na wasemaji wa Kiskoti walipita mbali. Walioijua lugha hawakuandika, na aliyeandika hakuijua lugha.

Kisha Agosti 2020 mtu mmoja akaianika kasoro hiyo hadharani kwa mifano. Hoja zake zilikuwa sahihi, na zilistahili kusemwa. Kilichofuata hakikustahili. Kijana yule alimiminiwa matusi na watu waliojaa ghadhabu, wengi wao wakiwa hawajawahi kuchangia hata aya moja katika lugha waliyodai kuitetea. Si rahisi kuona ni neno gani la Kiskoti lililookolewa kwa kumtukana mtu aliyeanza akiwa mtoto. Yaliyookolewa yaliokolewa na kundi dogo la wasemaji wa lugha hiyo walioketi, wakaitisha vikao vya kuhariri, wakaanza kupitia makala hayo, wakafuta yasiyofaa na kuandika upya yanayofaa. Mkurugenzi wa kituo kimoja cha lugha ya Kiskoti alitamka wakati huo kwamba kijana amefanya kazi kubwa ya kujenga jukwaa, na kilichohitajika sasa ni watu wanaoijua lugha kulihariri. Kauli hiyo haikuficha kosa. Iliwageuzia uso wale waliokuwa wakipiga kelele na kuwauliza mikono yao iko wapi.

Ikumbukwe kwamba makala haya hayautetei ukali usio na mipaka kwa kisingizio cha ukweli. Wapo wanaoamini kwamba kazi nzuri hulindwa kwa ulimi mkali, na kwa miaka mingi mfano wao mkuu alikuwa Torvalds mwenyewe. Barua zake kwa waliomletea msimbo wenye kasoro zilijulikana kwa kuchanganya maelezo ya kiufundi yaliyo makini na kashfa juu ya akili ya mletaji. Wafuasi wake walidai kuwa vitu hivyo viwili haviachani, kwamba bila kashfa ubora ungeporomoka. Mnamo Septemba 2018 yeye mwenyewe aliandika barua ya kuomba radhi, akakiri kuwa mashambulizi yake katika barua pepe hayakuwa ya kitaalamu wala hayakuhitajika, na kuwa yamewaumiza watu, pengine hata kuwafukuza baadhi yao kabisa. Akapumzika kwa wiki kadhaa ili atafute msaada, na mradi ukapitisha kanuni mpya za mwenendo. Linux haikuporomoka. Matoleo mapya yameendelea kutoka kila baada ya wiki tisa au kumi kama zamani. Ilidhihirika kwamba kilichokuwa kikilinda ubora ni yale maelezo ya kiufundi, na kwamba kashfa ilikuwa abiria tu, imepanda gari bila nauli.

Wikipedia ya Kiingereza ina darasa lake pia, ingawa si la matusi. Idadi ya wahariri wake wa mara kwa mara ilifikia kilele mwaka 2007, ikapita 50,000, kisha ikaanza kushuka. Utafiti wa Aaron Halfaker na wenzake uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba wageni wenye nia njema hawakuwa wamepungua. Waliongezeka waliokataliwa. Wahariri wazoefu, wakisaidiwa na programu za kufuta uharibifu kwa kasi, walikuwa wakiyafuta hata maandishi ya wanagenzi waliokosea utaratibu tu, na kuwaachia ujumbe uliotungwa na mashine. Mgeni aliyefutiwa kazi yake ya kwanza kwa namna hiyo mara nyingi hakurudi. Jambo la kushangaza ni kwamba jumuiya hiyo ilikuwa na mwongozo wa zamani unaokataza kuwauma wageni. Mwongozo ulikuwapo, na meno nayo yalikuwapo.

Itasemwa kwamba hoja hii inawanyima sauti watumiaji wa kawaida. Si kila msomaji wa kamusi elezo anaweza kuandika makala, na si kila mwenye simu anaweza kuandika msimbo. Je, anyamaze mpaka ajifunze? La hasha. Anayeandika kwamba katika ukurasa fulani, aya ya tatu, mwaka wa kuzaliwa kwa mtu umezidi mwaka wa kufa kwake, tayari ameshafanya kazi ya mhariri hata asipogusa kitu. Asiyejua dawa anaweza kusema panapouma. Kinachokataliwa ni ile sauti isemayo kwamba kazi yote ni takataka na waliohusika waone haya, kisha mwenyewe akaenda zake akiamini amekihudumia Kiswahili.

Naam, Kiswahili, kwa sababu hapo ndipo jambo hili linapowagusa wanafunzi na walimu wa lugha katika vyuo vikuu vya Kenya. Wikipedia ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 2003 na sasa ina makala zaidi ya 80,000. Yameandikwa na kikundi kidogo cha watu, baadhi yao wageni waliojifunza lugha ukubwani. Kati ya mwaka 2009 na 2010 kampuni ya Google iliendesha shindano la kuwahimiza wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania kuiandikia, kwa zawadi. Zawadi zilipokwisha kutolewa, wengi wa washiriki waliacha kuandika, na baadhi ya makala waliyoyaacha yalikuwa yamepitishwa katika mashine ya kutafsiri bila kusafishwa. Wale wachache wasiolipwa ndio waliobaki wakizoa na kupanga.

Si siri kwamba makala hayo huchekwa. Katika kumbi za mihadhara hutolewa kama mifano ya tafsiri mbovu: jengo ambaye, mito ambao, ngeli zikigongana kama matatu kwenye mzunguko wa barabara. Kicheko hicho kina haki yake, kwani makosa ni makosa. Wakati mwingine, hata hivyo, hugeuka kuwa ugomvi usio na tija wa nani ana haki ya kusanifisha nini. Mtu huandika makala marefu yenye manufaa kuhusu jinsi mashine hizo zinavyofanya kazi, na majibu yote anayoyapata ni ya kumlaumu kwa kutumia kompyuta badala ya tarakilishi, au tarakilishi badala ya kompyuta, kutegemea upande wa mpaka wa Namanga anakotoka mlaumu. Yaliyomo katika makala hayasomwi na yeyote. Mwandishi wa namna hiyo akiamua kuandika kwa Kiingereza siku nyingine, asilaumiwe sana.

Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba hakuna kundi la watu lenye zana za kukosoa kuliko hili. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayesomea Kiswahili amekwisha kufundishwa upatanisho wa kisarufi, nadharia za tafsiri, uundaji wa istilahi na uhariri. Kila muhula huandika kazi za tafsiri ambazo husahihishwa kwa kalamu nyekundu, hupewa alama, kisha huishia kufungia karanga. Ile jengo ambaye angeirekebisha kwa muda usiozidi wa kutuma ujumbe wa simu. Angeweza pia, akiona kosa hilohilo limerudiwa mara nyingi na mwandishi mmoja, kumwandikia mwandishi huyo mistari mitatu ya kumweleza kwamba ambaye ni ya ngeli ya A-WA, kwamba jengo liko katika LI-YA na kwa hiyo huchukua ambalo, na kwamba makala yake kuhusu mito yana taarifa ambazo hazipatikani kwingine kwa Kiswahili.

Idara moja ikiamua kwamba zoezi moja tu la kozi ya tafsiri kwa muhula lifanywe juu ya makala halisi yaliyoko mtandaoni, mhadhiri atasahihisha kama kawaida na alama zitatolewa kama kawaida. Tofauti itakuwa kwamba sentensi iliyosahihishwa itabaki mahali ambapo mtoto wa shule ya msingi kule Lodwar au Voi atakapoitafuta. Haihitaji bajeti wala kamati. Inahitaji mhadhiri mmoja na chumba chenye intaneti, vitu ambavyo vyuo vingi vinavyo.

Kila makala katika Wikipedia ya Kiswahili yana ukurasa wake wa majadiliano, uliowekwa makusudi ili msomaji aseme panapokosewa na mwandishi ajibu. Ukibonyezwa, katika makala mengi, hutokea tangazo kwamba ukurasa huo haujaandikwa bado.